Agatha Christie: Safari ya kuinadi Wembley ilivyomfikisha kwenye mawimbi ya Waikiki

SHABIKI yeyote wa soka anaijua Wembley. Anajua fainali za Kombe la FA, anajua mwaka 1966 England ilipobeba Kombe la Dunia pale nyumbani, na wakongwe bado wanaikumbuka ile minara miwili iliyobomolewa mwaka 2003. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba uwanja ule wa zamani haukujengwa kwa ajili ya soka peke yake. Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya biashara ya Dola ya Uingereza yaliyofunguliwa mwaka 1924.

Jembe la kwanza pale Wembley lilipigwa Januari 10, 1922. Siku kumi baadaye, Januari 20, meli ya Kildonan Castle iling'oa nanga bandari ya Southampton ikiwa imebeba msafara wa watu wachache. Kazi yao ilikuwa kuzunguka makoloni kuyapigia debe maonyesho hayo. Ndani ya msafara ule alikuwemo mama mmoja wa miaka 31 ambaye hakuwa ofisa wa serikali wala mfanyabiashara. Alikuwa mke wa mtu, ana binti wa miaka miwili aliyemwacha nyumbani, na riwaya zake za mwanzo ndiyo kwanza zinaingia sokoni.

Jina lake Agatha Christie.

Leo vitabu vyake vinahesabiwa kuwa vimeuzwa nakala zipatazo bilioni mbili duniani kote. Wapelelezi wake, Hercule Poirot na Miss Marple, wanajulikana hata na watu ambao hawajawahi kushika riwaya mkononi. Lakini kabla umaarufu haujamfika, mwanamke huyu alifanya kitu ambacho Waingereza wachache sana wa enzi zake walikuwa wamekifanya. Alisimama wima juu ya ubao, katikati ya Bahari ya Pasifiki, akateleza na wimbi mpaka ufukweni.

Na haikutokea kwa bahati mbaya. Ile likizo ilipigiwa hesabu mapema, senti kwa senti, na kila hesabu ilikuwa na maumivu yake.

MTOTO WA PWANI

Agatha alizaliwa Septemba 15, 1890, katika mji wa Torquay, pwani ya kusini magharibi ya England. Baba yake, Frederick Miller, alikuwa Mmarekani aliyeishi kwa mapato ya mali ya familia. Alifariki mwaka 1901, Agatha akiwa na miaka 11, na kuanzia hapo mambo ya hela yakawa ya kubana. Mama yake, Clara, alibaki kuwa nguzo ya nyumba.

Bahari ilikuwa jirani, na Agatha alipenda kuogelea kuliko michezo mingine yote. Lakini pwani ya siku zile ilikuwa na sheria zake. Wanawake walikuwa na sehemu yao ya kuogelea na wanaume ya kwao. Mwanamke aliingia majini akiwa amejifunika gubigubi. Mchezo wa baharini kwa mtoto wa kike ulikuwa kuoga na kurudi nyumbani, basi.

Desemba 24, 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imepamba moto, Agatha alifunga ndoa na Archibald Christie, ofisa kijana wa kikosi cha anga. Mume alirudi vitani, mke akajitolea hospitalini Torquay, kwanza akiuguza majeruhi, kisha kwenye chumba cha dawa. Huko ndiko alikojifunza habari za sumu, elimu ambayo ilikuja kumtajirisha. Mwaka 1919 akajifungua binti, Rosalind. Mwaka uliofuata riwaya yake ya kwanza ikaanza kutoka.

Maisha London hayakuwa mabaya, ila hayakuwa na nafasi. Archie alikuwa na kazi ya ofisini katika mambo ya fedha, mshahara wa kawaida, likizo ya wiki mbili kwa mwaka. Kwa familia ya aina hiyo, kuiona dunia ilikuwa ndoto ya mchana.

OFA ILIYOKUJA MARA MOJA

Ndipo akaja Meja Ernest Belcher, mtu aliyewahi kumfundisha Archie enzi za shule, mwenye mdomo mtamu na hasira za karibu. Belcher alikuwa amekabidhiwa msafara wa kuyanadi maonyesho ya Wembley: Afrika Kusini, Australia, New Zealand, Kanada na kwingineko, karibu miezi kumi ya safari. Alihitaji mshauri wa mambo ya fedha. Akamtaka Archie.

Ada ilikuwa pauni 1,000 na gharama za safari juu. Agatha angeweza kwenda pia. Pauni 1,000 zile zingejazia gharama zake na, jambo lililomkosesha mama huyu usingizi, zingetosha kwa likizo ya mwezi mmoja Honolulu, visiwa vya Hawaii, safari ya kikazi ikishapita upande ule wa dunia.

Kwenye karatasi ilikuwa ofa ya dhahabu. Chini ya karatasi kulikuwa na mambo matatu mazito.

La kwanza ni kazi. Mwajiri wa Archie hakuahidi kumtunzia nafasi yake. Akiondoka, ameondoka, akirudi, aanze moja. Hiyo ni sawa na mchezaji kuvunja mkataba akafanye ziara ya kirafiki, bila kujua kama kuna timu itakayomsajili msimu ujao.

La pili ni mtoto. Rosalind alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Hakuwa mtoto wa kubebwa melini kuzunguka dunia. Angebaki na bibi yake na mama yake mkubwa.

La tatu lilitoka Afrika Mashariki. Kaka yake Agatha, Monty, alikuwa ameishi huku kwa miaka mingi. Alikuwa na mpango wa kuendesha boti za mizigo Ziwa Victoria, vita ikauvuruga. Akapigana katika jeshi la King's African Rifles, akajeruhiwa, afya ikaharibika. Sasa alikuwa anarudi England akiwa mgonjwa. Dada mkubwa wa Agatha, Madge, aliwaka. Kwa Madge, mtu hawezi kwenda kutembea duniani wakati kaka yake anarudi nyumbani baada ya miaka yote ile.

Kikao cha familia kikawa kizito. Aliyeamua mechi alikuwa mama yao, Clara. Kwa maoni yake, mke anatakiwa awe alipo mumewe. Mume akiachwa aende peke yake kwa muda mrefu, ndoa inaingia hatarini. Clara akachukua jukumu la mjukuu, na mlango ukafunguka.

Inafaa kusimama kidogo hapo. Mwaka 1922 mwanamke wa Kiingereza wa tabaka lile hakuruhusiwa kwenda Hawaii kwa sababu anapenda bahari. Aliruhusiwa kwa sababu ni mke wa mtu. Agatha alilijua hilo, akaitumia ruhusa aliyoipata, akaenda nayo mbali kuliko waliompa walivyofikiria.

Upepo wenyewe wa wakati ule haukuwa wa kuwapendelea wanawake michezoni. Desemba 5, 1921, wiki sita tu kabla ya Kildonan Castle kuondoka, Chama cha Soka cha England kilipiga marufuku timu za wanawake kucheza kwenye viwanja vya klabu wanachama wake. Kilidai mchezo huo hauwafai wanawake. Hii ni nchi ambayo mwaka mmoja nyuma, siku moja baada ya Krismasi 1920, watu wapatao 53,000 walijazana Goodison Park kuwaona Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwandani kutoka Preston.

MUIZENBERG, SOMO LA KWANZA

Safari ilianza vibaya. Kabla ya kufika kisiwa cha Madeira, Agatha alilewa bahari kiasi cha kuwaza kushuka palepale na kutafuta kazi yoyote, abaki nchi kavu maisha yake yote. Siku chache mbele hali ikatulia. Februari 6, 1922, meli ikatia nanga Cape Town.

Wakati Belcher na Archie wakihangaika na vikao, Agatha aligundua kitu. Treni ya kutoka mjini ilikuwa inakwenda mpaka Muizenberg, upande wa pili wa rasi, ambako maji yana joto kuliko yale ya Cape Town yenyewe, chini kuna mchanga, na mawimbi yanakuja marefu na mapole. Watu walikuwa wanaingia na mbao nyembamba, nyepesi, za kubebeka kwapani, wanajilaza juu yake kifudifudi na kusukumwa na wimbi mpaka ufukweni.

Kazi ikiisha, yeye na Archie wakawa wanapanda treni kwenda huko. Kwa macho mchezo ulionekana mwepesi. Majini ilikuwa habari nyingine. Ukikosea kidogo, pua ya ubao inazama, na wewe unatupwa kichwa mbele mchangani. Agatha alikula mieleka kibao. Lakini ubao ule mwepesi una huruma, haukuchukua muda mrefu akaupatia.

Hapo ndipo hesabu ya Honolulu ilipobadilika. Mwanzoni ilikuwa likizo ya kupumzika baada ya kazi. Baada ya Muizenberg ikawa safari yenye shabaha. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kukimbizana: uasi wa wachimba dhahabu wa Rand uliowakuta Afrika Kusini mwezi Machi, maporomoko ya Victoria, kisha Australia, kisha New Zealand. Hotuba, karamu, mameya, viwanda vya matunda. Belcher alikuwa akigombana na kila mtu. Kila wiki Agatha aliandika barua kwa mama yake, akieleza walipo, walichoona, nani kamuudhi nani. Na kila wiki Honolulu ilikuwa inasogea.

WAIKIKI, MECHI YA UGENINI

Agosti 5, 1922, wakafika. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Rosalind, anatimiza miaka mitatu, upande wa pili wa dunia.

Walifikia Moana, hoteli kubwa iliyosimama mchangani kabisa pale Waikiki tangu mwaka 1901. Kutoka dirishani waliwaona watu wanateleza na mawimbi. Hawakungoja kuuliza mtu. Walitelemka mbio, wakakodi mbao, wakaingia majini siku ileile.

Lilikuwa kosa la mgeni anayeingia uwanjani bila kuukagua. Bahari ilikuwa imechafuka siku hiyo, hata wenyeji wazoefu walikuwa wanaiangalia kwa jicho la wasiwasi. Na mchezo wenyewe haukuwa ule wa Muizenberg. Waikiki ubao ni mzito, gogo zima la mti. Haukuwa na pezi chini la kuuongoza, wala kamba ya kuufunga mguuni. Vitu hivyo vilikuja miaka mingi baadaye. Unajilaza juu yake na kupiga makasia kwa mikono mpaka mbali kabisa, kwenye mwamba wa matumbawe ambako mawimbi yanaanza kuinuka. Ukifika huko unageuka, unasubiri. Wimbi sahihi linakubeba mamia ya mita hadi karibu na nchi kavu. Wimbi lisilo sahihi linakuvunjikia mgongoni, linakupokonya ubao, na hapo umebaki wewe, maji marefu na nguvu za mikono yako.

Agatha alipata lile lisilo sahihi. Alitupwa, akanywa maji ya chumvi, akadhani mwisho umefika. Kijana mmoja Mmarekani alimrudishia ubao wake na kumshauri asijaribu tena siku ile. Akarudi ufukweni kwa taabu, mwili hauna nguvu.

Mtu mwingine angemaliza likizo yake kwenye kiti cha hoteli, anakunywa maji ya matunda. Agatha alirudi majini. Ila sasa alirudi kwa akili.

HESABU ZA UFUKWENI

Kila kitu alichokuja nacho kutoka England kilikuwa hakifai, na ilibidi apange upya kimoja baada ya kingine.

Kwanza jua. Wageni wale wawili hawakuwa wamewahi kukutana na jua la aina ile. Waliungua mabega na migongo, ngozi ikatoka malengelenge, ikabambuka. Walijifunza kujifunika na kuchagua saa.

Pili miguu. Matumbawe yalikuwa yanakata kama vioo. Wakanunua viatu vya ngozi laini vya kuingilia majini.

Tatu nguo, na hapa kuna kisa chenyewe. Agatha alikuwa na vazi la kuogelea la hariri, zuri sana, la kumsitiri tangu mabegani mpaka karibu na vifundo vya miguu. Kwa Torquay lilikuwa vazi la heshima. Kwa Waikiki lilikuwa balaa. Nguvu ya maji ililichana, likawa linaning'inia vipande, na ikambidi atoke akijificha. Akaenda moja kwa moja duka la hotelini, akanunua nguo ya kuogelea ya sufu, ya kijani kibichi, fupi na ya kubana. Kwa mama wa Kiingereza aliyekulia kwenye pwani ya kutenganishwa wanawake na wanaume, huo ulikuwa uamuzi mkubwa. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Aliipenda ile nguo kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na Archie alimwona amependeza.

Nne hela. Moana ilikuwa inakula pauni kwa kasi ya kutisha. Wangekaa pale mwezi mzima wangebaki na nauli tu, na mbele bado kulikuwa na Kanada. Wakahamia kwenye vibanda vya kupangisha vya hoteli ya bei ya chini, upande wa pili wa barabara. Bahari ni ileile, mawimbi ni yaleyale. Kilichopungua ni zulia na wahudumu.

Tano mwili wenyewe. Kupiga makasia kwa mikono kila siku kulimletea maumivu makali ya neva begani. Kuna alfajiri alikuwa anaamka kwa maumivu kabla jua halijatoka. Asubuhi ikifika, anarudi majini.

Siku zikaenda. Kwanza akajifunza kulitambua wimbi. Kisha akajifunza kulifuata bila kutupwa. Kisha akajaribu kupiga magoti, akaanguka, akajaribu tena. Na siku moja mwezi ule wa Agosti akainuka, miguu yote miwili juu ya ubao, mikono imetanuka, akaja na wimbi mpaka kwenye maji madogo karibu na ufukwe. Kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, raha ile aliiweka miongoni mwa raha kubwa kabisa za kimwili alizopata maishani.

Wanahistoria wa mchezo huo kule Uingereza wanamtaja miongoni mwa Waingereza wa mwanzo wanaojulikana kuteleza wakiwa wamesimama. Lakini haki itendeke. Hakuwa mwanamke wa kwanza duniani. Kwa wenyeji wa Hawaii mchezo huu ni wa karne nyingi. Machifu walicheza, raia walicheza, wanawake walicheza sawa na wanaume, mpaka karne ya 19 wageni walipoanza kuukemea. Wakati Agatha anafika, aliyekuwa ameurudishia sifa duniani ni mtoto wa Waikiki mwenyewe, Duke Kahanamoku, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mita 100 mwaka 1912 na tena 1920. Agatha alikuwa mgeni kwenye uwanja wa watu, akaucheza mchezo wao kwa masharti ya bahari yao.

KANADA, SUPU YA BAFUNI

Likizo haikuwa ya bure. Kufika Kanada mwezi Septemba mfuko ulikuwa unasoma taa nyekundu. Agatha akabuni mbinu ambayo msafiri yeyote aliyeishiwa ataielewa. Hotelini kifungua kinywa kilikuwa cha bei moja, kula unavyoweza. Asubuhi alikuwa anashuka na kula karibu kila kilichoorodheshwa. Jioni anapanda chumbani, anachukua maji ya moto ya bafuni, anakoroga mchuzi wa nyama wa chupa, anakunywa, analala. Kama kuna mwaliko wa chakula, anashukuru Mungu.

Juu ya hapo, Archie aliugua vibaya baada ya kutembelea maghala ya nafaka Winnipeg. Agatha akawa muuguzi tena, kama enzi za vita, safari hii kwenye chumba cha hoteli ugenini.

Kwa mashabiki wa soka kuna jambo la kuongeza. Mwezi uleule wa Septemba 1922, timu ya Dick, Kerr Ladies nayo ilivuka Atlantiki kwenda Kanada, na winga wao hatari Lily Parr akiwemo. Walifika wakakuta wakuu wa soka Kanada wamewafungia milango. Ikabidi washuke Marekani, wakacheza dhidi ya timu za wanaume. Hakuna kumbukumbu kwamba walikutana na Agatha. Lakini ni mwaka mmoja, na ni maji yaleyale yamevukwa: wanawake wa Kiingereza waliotafuta nje nafasi ambayo nyumbani ilikuwa finyu.

MTOTO HAKUMJUA

Mwanzoni mwa Desemba 1922 walirudi England. Kaka yake Monty alikuwa ameshafika. Madge bado alikuwa na kinyongo. Na Rosalind, aliyeachwa na miaka miwili, sasa ana mitatu, aliwatazama wazazi wake kama wageni na kumtaka mama yake mkubwa. Hiyo ilikuwa bei ya safari, na Agatha hakuwahi kuificha alipoandika maisha yake.

Archie hakuwa na kazi. Ilimchukua muda kupata nyingine, na miezi ile ilikuwa ya ukimya na hasira ndani ya nyumba.

Aprili 28, 1923, uwanja wa Wembley ukafunguliwa kwa fainali ya Kombe la FA. Hesabu rasmi ilisema watu 126,047, lakini waliomiminika walikuwa wengi zaidi, wakafurika mpaka ndani ya uwanja, na polisi aliyepanda farasi mweupe akaingia kwenye historia kwa kuwarudisha nyuma. Bolton Wanderers wakaifunga West Ham 2-0, bao la kwanza likiwa la David Jack dakika ya pili. Mwaka uliofuata maonyesho yenyewe yakafunguliwa.

Na mwaka huohuo wa 1924 Agatha akavuna chake. Alitoa riwaya ya The Man in the Brown Suit. Shujaa wake ni binti asiye na hela, Anne Beddingfeld, anayekata tiketi ya meli peke yake kwenda Afrika Kusini, na akifika anakwenda Muizenberg kujaribu ubao. Mhusika mmoja mle kitabuni ana tabia nyingi za Belcher. Gazeti la Evening News lilimlipa pauni 500 kuichapa kwa mfululizo, nusu ya ada nzima ya Archie ya kuzunguka dunia. Kwa hela hiyo alinunua gari, Morris Cowley, lake mwenyewe.

TIKETI YA MTU MMOJA

Ushauri wa Clara kwamba mke akiwa karibu na mume ndoa inapona haukudumu. Archie alinogewa na gofu. Kila mwisho wa wiki alikuwa kiwanjani, na Agatha akabaki na nyumba. Aprili 1926 Clara akafariki. Miezi michache baadaye Archie akataka talaka, ana mwanamke mwingine. Desemba 3 mwaka ule Agatha akatoweka. Polisi na maelfu ya raia walimtafuta kwa siku 11, mpaka alipokutwa hotelini Harrogate, amejiandikisha kwa jina la ukoo wa yule mwanamke. Kuhusu siku zile hakusema mengi hadharani mpaka anakufa.

Talaka ikatoka mwaka 1928. Wimbi lilikuwa limemvunjikia mgongoni, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumrudishia ubao.

Msimu wa vuli mwaka huo alikuwa amekata tiketi ya kwenda West Indies kupumzika. Siku mbili kabla ya kuondoka, kwenye mlo wa jioni, alisikia watu wakiisimulia Baghdad. Asubuhi yake alikwenda kubadilisha tiketi. Miaka sita nyuma alihitaji mume, ada ya mume na ruhusa ya mama ili afike Waikiki. Sasa alilipa kwa hela ya kalamu yake, akapanda treni ya Orient Express peke yake akiwa na miaka 38, akang'atwa na kunguni njiani, akafika.

Huko Iraq, kwenye machimbo ya mambo ya kale ya Ur, ndiko alikokutana mwaka 1930 na Max Mallowan, mtaalamu kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 13. Walioana Septemba mwaka huohuo, wakaishi pamoja miaka 45. Treni ile ikamzalia riwaya ya mwaka 1934 ambayo dunia nzima inaijua.

Mwaka 1971 Agatha alitunukiwa cheo cha Dame. Ni mwaka huohuo ambao marufuku ya soka la wanawake England ilifikia tamati, baada ya miaka 50. Alifariki Januari 12, 1976, akiwa na miaka 85, na alizikwa kijiji cha Cholsey.

Barua alizomwandikia mama yake safarini zilichapwa na mjukuu wake mwaka 2012, pamoja na picha. Moja inamwonyesha mama wa Kiingereza mwenye nguo ya kuogelea, ubao pembeni yake, anacheka. Mtoto wa mama huyo alikuwa mbali, kazi ya mume ilikuwa haijulikani itakuwaje, na hela ilikuwa inaisha. Yote hayo aliyajua alipokuwa anapigwa picha. Baadaye alichukua ubao wake akaingia majini.